Mafanikio ya Wanajiografia Wetu Yarudi Mlimani

Kila mwaka msimu wa mahafali ukifika Chuo Kikuu cha Makerere, simu yangu hujaa picha za majoho. Wamo wanafunzi wangu wa zamani, vijana niliowafundisha kufuata mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko kwenye ramani, kwa ncha ya kidole walipokuwa kidato cha pili hapa Mbale, chini ya Mlima Elgon mashariki mwa Uganda. Baadhi yao wamesomea katika Idara ya Jiografia, Jioinformatiki na Sayansi za Tabianchi, na habari za idara hiyo nazifuatilia kama mtu anavyofuatilia timu yake: nani kapata uzamivu, nani kapanda cheo, makala ya nani imechapishwa, mradi upi umepata fedha. Nikikuta jambo la maana nalisoma kwa sauti darasani. Mtoto aliyezaliwa mlimani akisikia kwamba somo hili hili limemfikisha mtu kwenye meza moja na wataalamu wa dunia, huketi vizuri, akaanza kuuliza maswali.

Mfano ninaoutumia zaidi ni wa Shuaib Lwasa. Aprili 2022, jopo la Umoja wa Mataifa linalochunguza mabadiliko ya tabianchi lilitoa ripoti kubwa kuhusu njia za kupunguza gesijoto. Sura ya 8 ya ripoti hiyo, inayohusu miji na makazi ya watu, iliratibiwa na wawili: Karen Seto wa Marekani na Lwasa wa Makerere. Kazi ya mratibu ni nzito. Anaongoza waandishi kutoka nchi nyingi, anapitia tafiti kwa maelfu, na kila hoja ya mhakiki lazima ijibiwe. Muhtasari wa ripoti nao hupitishwa na wawakilishi wa serikali mstari kwa mstari. Kwa miaka mingi miji ya Afrika imeandikwa na watu walioiona kupitia dirisha la hoteli. Safari hii kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu anayejua maji ya mafuriko ya Bwaise, mtaa wa Kampala, yanaingia nyumbani kupitia mlango gani.

Naye hakuishia kwenye ripoti. Kupitia maabara ya miji aliyoianzisha chuoni, yeye na wenzake walifanya kazi na wakazi wa mitaa ya Kampala kugeuza takataka za jikoni kuwa makaa ya kupikia. Anayeijua Kampala anajua sehemu kubwa ya takataka zake ni maganda ya matoke na mabaki mengine ya chakula, vitu vinavyooza. Maganda hayo yakikaushwa, yakachomwa na kufinyangwa, yanawaka. Yakiachwa, yanapandishwa lori hadi dampo la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za jiji tangu 1996. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la Kiteezi liliporomoka juu ya nyumba, likaua watu zaidi ya 30. Siku ile nilifikiria wale kina mama wa mitaani waliojifunza kufinyanga makaa. Walikuwa wachache mno. Ujuzi ulikuwapo Kampala yenyewe, umejaribiwa, umeandikwa, lakini jiji halikuupanua mpaka ukatosha kupunguza mlima ule.

Jambo hilo ndilo linalonisumbua kuhusu orodha zetu za mafanikio. Mafanikio tunayahesabu pale yanapoondoka: makala imetoka, shahada imetolewa, picha imepigwa. Hatuyahesabu pale yanapofika, wala hatuulizi kama yalifika.

Nirudi huku kwetu Elgon, maana hapa naweza kuonyesha kwa mkono.

Wanajiografia wa Makerere wameuchunguza mlima huu kuliko karibu mlima wowote mwingine nchini. Yazidhi Bamutaze ameshughulikia mmomonyoko wa udongo kwenye mashamba ya miteremko. Bob Nakileza amepima maporomoko ya bonde la juu la mto Manafwa na kuyalinganisha na umbo la ardhi. Frank Mugagga na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti ambao mimi huufundisha karibu kila mwaka. Walichukua picha za anga zilizopigwa mwaka 1960, wakazilinganisha na picha za setilaiti hadi 2006, wakaona jinsi msitu ulivyorudi nyuma na mashamba yalivyopanda juu. Waligundua kwamba maporomoko hupenda miteremko mikali iliyobonyea, ile yenye umbo la kiganja kilichokunjwa, ambako maji hukusanyika. Wakapima na udongo wenyewe, wakakuta wa mfinyanzi, unaokunywa maji, ukavimba, ukawa mzito.

Kwa hiyo tunajua. Mvua ya siku nyingi inaingia ardhini, mfinyanzi unashiba, mizizi ya miti iliyokuwa ikishikilia haipo tena, na chini ya kitako cha mteremko mtu amechimba ili apate uwanja wa nyumba. Ardhi inapasuka kwanza. Ufa unaweza kukaa miezi, hata miaka, kabla mteremko haujaachia. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi, Bududa, kilifunikwa na wafu wakakadiriwa kuzidi 300. Oktoba 2018 ikawa zamu ya Bukalasi, Bududa hiyo hiyo, zaidi ya 40 wakafa. Novemba 2024 mlima ukashuka Bulambuli, na familia zikazika makumi ya watu, huku wengine wasipatikane hadi leo. Darasani kwangu siku zile kulikuwa na viti viwili vitupu kwa wiki nzima, kwa sababu wenye viti walikuwa wamekwenda matangani.

Miaka michache iliyopita niliwapeleka wanafunzi Bududa kwa safari ya masomo. Tulikuwa tumepanda juu ya mashamba ya kahawa tulipomkuta mzee mmoja akipogoa migomba. Alipojua sisi ni watu wa Jiografia alituita tumfuate. Nyuma ya nyumba yake, hatua kama arobaini kupanda, kulikuwa na ufa ardhini, upana wa kiganja, unaopinda kama mwezi mchanga. Pembeni ya ufa kilisimama kigingi cha mti chenye rangi nyekundu iliyofifia.

"Mwalimu," akaniambia, "kijana wa chuo kikuu alikuja hapa na kamba na simu kubwa. Akapima, akaweka kigingi hiki, akaandika. Tukampa chai. Aliniambia, Mzee, nitarudi na majibu. Je, unamfahamu? Alifaulu?"

Sikumfahamu, na chuo chake sitakitaja, kwa kuwa naamini yangeweza kuwa maneno ya mwanafunzi wa chuo chochote. Lakini nilijibu kwamba bila shaka alifaulu. Mzee akafurahi kweli. Alimfurahia yule kijana kama baba anavyomfurahia mwanawe. Kisha akauliza, "Sasa ufa wangu ulisema nini?"

Swali lile nimekaa nalo. Mahali fulani kuna tasnifu yenye jedwali, na ndani ya jedwali mna mstari mmoja ambao ni ufa wa mzee yule: latitudo, longitudo, upana, kina, mwelekeo wa mteremko. Mstari huo umemsaidia mtu kupata shahada. Pengine umeingia kwenye ramani ya hatari iliyopakwa nyekundu, manjano na kijani. Mwenye ufa hajui nyumba yake iko kwenye rangi gani.

Simlaumu yule kijana. Najua maisha ya mwanafunzi wa uzamili. Fedha za utafiti, kama zipo, zinakwisha siku data zinapokamilika. Nauli ya kurudi kijijini haimo kwenye bajeti. Msimamizi wake naye anabanwa: anafundisha madarasa makubwa, anasahihisha mpaka usiku, na akitaka kupanda cheo atahesabiwa makala alizochapisha. Akitumia wiki moja Bukalasi akieleza matokeo kwa wenye mashamba, wiki hiyo haiingii popote. Watu hufanya kile wanachohesabiwa, na wahadhiri ni watu.

Hata hivyo, ujuzi wa wanajiografia wetu umewahi kurudi. Mwaka 1995 Charles Basalirwa alichapisha kazi ya kuigawa Uganda katika kanda za mvua kwa kutumia takwimu za vituo vya kupimia mvua. Ukiisoma leo ni makala ya hesabu ngumu, na wakulima walioiona ni wachache sana. Lakini utabiri wa msimu unapotolewa kabla ya mvua za Machi hadi Mei, hutolewa kwa kanda. Mkulima wa Teso, mashariki, haambiwi habari za Kigezi, kusini-magharibi. Wazo la kwamba mvua ya nchi hii ina maskani zake, na kila maskani isemewe peke yake, lilitoka kwenye dawati la mwanazuoni likaingia redioni. Naiweka kazi hiyo juu kabisa ya orodha yangu, ingawa haikuwahi kuwa na sherehe.

Mfano wa pili uko upande wa pili wa nchi, milima ya Rwenzori. Tangu 2017, watafiti wa vyuo vikuu vya Mbarara na Mountains of the Moon, pamoja na wenzao wa Brussels, walifundisha wakazi wa kule kuwa waangalizi wa majanga. Mwangalizi ni mtu wa kijijini, anajulikana, ana simu yenye programu ya kujaza taarifa. Likitokea poromoko au mto ukifurika, anakwenda mwenyewe, anapiga picha, anapima, anatuma. Kwa mlima ambao barabara zake hukatika kila msimu, hiyo ni njia ya kupata habari ambazo hakuna mtafiti kutoka mjini angezipata kwa wakati. Kwangu mimi lililo kubwa zaidi ni kwamba anayepima anabaki pale pale. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020 ukabomoa hospitali ya Kilembe, wataalamu wa nje walikuwa wamefungiwa nyumbani na korona. Jirani hakuhitaji kibali cha kusafiri ili aone mto.

Na wanafunzi nao wana lao. Vikundi vya vijana wachora ramani vimekuwa vyuoni mwetu, Makerere na kwingineko, chini ya mtandao wa YouthMappers ulioanzishwa mwaka 2015. Wanakaa na kompyuta, wanafungua picha za setilaiti, wanachora nyumba moja moja na njia moja moja kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo yeyote anaweza kuitumia bila kulipa. Julai 2017 Kampala ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Afrika wa wachora ramani hizo. Wakati ule ule wakimbizi wa Sudan Kusini walikuwa wakimiminika Yumbe, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kambi ya Bidi Bidi ilikuwa imefunguliwa Agosti 2016 mahali palipokuwa vichaka. Ramani za zamani zilionyesha nafasi tupu palipokuwa na watu zaidi ya laki mbili na nusu. Kujaza nafasi ile, visima, zahanati, shule, ilikuwa kazi ya ramani huria. Nasema mbele ya wazazi wote wanaoniuliza Jiografia inampeleka mtoto wapi: inampeleka kwenye kazi kama ile.

Mtandao huo ulitegemea sana fedha za msaada wa Marekani, na shirika la USAID lilifungwa mwaka 2025. Sitaki kulirefusha hili. Naomba tu vyuo vyetu vijiulize kama kundi la wanafunzi wenye kompyuta kumi na intaneti ya jioni ni mzigo usioweza kubebwa na bajeti ya hapa nyumbani.

Sasa niseme kuhusu daraja lenyewe, kwa sababu mimi ninasimama juu yake. Kati ya profesa na mzee wa Bududa kuna mtu mmoja anayewajua wote wawili, naye ni mwalimu wa Jiografia wa sekondari. Kwenye mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, Jiografia ni lazima kwa kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili. Kiswahili pia. Mtaala huo unataka watoto wafanye miradi, watoke nje, wapime, waandike juu ya mazingira yao. Yaani serikali imeshajenga mfereji unaofika kaunti ndogo nyingi za nchi. Mtafiti akitaka matokeo yake yafike kwenye nyumba elfu moja za mteremkoni, atafute shule moja.

Lakini mtu anayeshika mfereji huo tumemfanyia nini? Mwaka wa fedha wa 2022/23 mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Jiografia ikawekwa upande wa sanaa, na mwalimu wake akabaki na kama robo ya kiasi hicho. Walimu waligoma Juni 2022, na wale wa sanaa wakagoma tena 2025. Mimi nilikuwamo. Nafurahi fizikia inapoheshimiwa, na wenzangu wa sayansi wanastahili kila shilingi. Ninachouliza ni hiki: Makerere idara ya Jiografia iko ndani ya Ndaki ya Sayansi za Kilimo na Mazingira. Kule juu somo ni sayansi, lina setilaiti, maabara ya udongo na hesabu za mvua. Likishuka kwenye darasa langu linageuka sanaa, na mwanafunzi wangu aliyefaulu vizuri zaidi ananiambia wazi kwamba hatasomea ualimu. Nimewapoteza watano namna hiyo, wale ambao wangekuwa walimu bora kuliko mimi. Wanajiografia wa vyuo vikuu wangekuwa wa kwanza kulisemea hili hadharani, kwa kuwa sisi ndio tunaowatayarishia wanafunzi. Nawasubiri.

Kisha kuna lugha. Tasnifu zinaandikwa kwa Kiingereza na sina ugomvi na hilo. Dunia inasoma Kiingereza. Lakini muhtasari wa kurasa mbili unaweza kuandikwa kwa Kiswahili na kwa Lumasaba au Kupsabiny, lugha za wakazi wa mlima huu. Kiswahili kiliingia katika Katiba yetu kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Elgon ni mlima wa nchi mbili. Mfanyabiashara wa vitunguu anayeshuka kutoka Kapchorwa na mwenzake wa upande wa Kenya wanapatana bei kwa Kiswahili. Askari anayekuja kuokoa watu baada ya poromoko anatoa amri kwa Kiswahili. Basi kwa nini onyo la kabla ya poromoko likose lugha hiyo?

Nimejaribu mwenyewe. Nilichukua matokeo ya utafiti ule wa 2012, nikawaambia kidato cha pili wayaseme kwa Kiswahili cha sokoni. Tulikwama kwenye mteremko uliobonyea kwa vipindi viwili. Mmoja alipendekeza "mteremko wa kikombe", mwingine "mgongo ulioinama ndani". Binti mmoja kutoka Bukalasi akasema, "Kwetu tunaonyesha hivi," akakunja kiganja. Tukaandika: ardhi yenye umbo la kiganja kilichokunjwa. Ndiyo maneno niliyoyatumia hapo juu. Ni yake.

Ninayoyaomba kwa idara zetu si mengi. Utafiti wowote wa maporomoko au mafuriko usihesabiwe umekwisha mpaka ripoti fupi ifikishwe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwenye shule ya karibu, na barua ya kupokea iambatanishwe na tasnifu. Nauli ya safari ya kurudi iandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Na mhadhiri anayeomba kupandishwa cheo aruhusiwe kuonyesha barua hizo kando ya makala zake. Wapo wahadhiri wanaofanya haya tayari kwa fedha zao na muda wao wa likizo. Wanajulikana huku kwa majina, na watoto huwapungia mkono gari lao likipita.

Muhula uliopita nilirudi kwa mzee na wanafunzi kumi na wanne. Kigingi bado kipo. Tulipigilia cha pili ng'ambo ya ufa, tukapima umbali kati ya vigingi kwa utepe wa fundi cherehani: sentimita 61. Mzee aliomba tumwandikie. Akaingia ndani, akatoka na daftari la mkutano wa kahawa, akafungua ukurasa wa nyuma. Binti wa Bukalasi akamwandikia tarehe na namba, akapiga mistari ya majedwali kushuka chini ya ukurasa, nafasi ishirini tupu. Tukamwonyesha jinsi ya kushika utepe usilegee, tukamwachia. Akauliza ikifika ngapi ahame. Nikamwambia asisubiri namba: akiona imeongezeka hata kidogo wakati wa mvua, awachukue wajukuu washuke usiku huo huo, na mimi nitamtafutia mtu wa chuo aje na jibu kamili. Nimeshaandika barua mbili. Mmoja amejibu kwamba atakuja Machi, kabla mvua haijakolea.